Mafuta ya Papa kwenye Trekta ya Baba

Kijana wa jirani yangu hapa Mkomani, kisiwani Amu, huchonga vidau vidogo vya kuwauzia wageni, na ili wageni waamini kwamba vimetoka baharini kweli, huvipaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo mafundi hupaka mbao za vyombo zisiharibiwe na maji ya chumvi. Akianza kupaka, mimi hufunga madirisha. Juzi aliniona nikihangaika na komeo, akanipigia kelele kutoka ujiani.

"Bibi, wakimbia harufu? Hini ndiyo Amu yenyewe!"

"Amu yenyewe na ingoje nje," nikamwambia. "Mimi nimo ndani."

"Tangu lini hukuwamo?" akasema, na baraza nzima ikacheka.

Walikuwa na haki ya kucheka. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wa rika langu wamekwenda Makka, wamekwenda Mombasa kutibiwa macho na meno, wengine wamezikwa Uarabuni. Mimi nikitoka kwenda kununua nazi huwaaga watu wa nyumbani kama anayesafiri. Nimesoma hadi kidato cha nne, na elimu hiyo yote nimeitumia kuwasomea majirani maandishi ya kwenye chupa za dawa. Lakini madirisha siyafungi kwa maringo. Nayafunga kwa sababu harufu ile ikishaingia, chumba kinanitoka, na mimi nimo bara, shambani kwetu, nasubiri trekta iwake.

Bara, kwetu sisi watu wa visiwani, si mbali. Ni ng'ambo ya mkondo tu, nyuma ya mikandaa, kwenye nti kavu ambako watu wa Amu walikuwa na mashamba ya pamba, simsim na mahindi. Baba yangu hakuzaliwa mkulima. Alikuwa kalafati, fundi wa kuziba nyufa za vyombo kwa pamba na mafuta, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa kazi hiyo kama makucha ya kaa. Kazi ilipopungua alihamia shamba la babu yake, na Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago baada ya Uhuru akamwachia trekta yake nzee. Sisi watoto tuliambiwa ni nyekundu. Tuliamini, ingawa rangi iliyobaki haikutosha hata kupaka ukucha.

Trekta ile ilikuwa ya mtindo wa kale, ya kuwashwa kwa petroli na kisha kugeuzwa inywe mafuta ya taa. Bila betri haikuwa na cheche, na bila cheche ungeweza kuzungusha hendeli mpaka mabega yakatike, isikujibu. Baba aliitunza kwa elimu aliyokuwa nayo, nayo ilikuwa elimu ya chombo. Mbele ya trekta aliita omo, nyuma aliita tezi. "Shuka hapo tezi, utaanguka," alikuwa akinigombeza. Na kama vile chombo kisivyoingia msimu bila kupandishwa pwani na kupakwa, trekta nayo haikuingia mvua za mwaka bila kusuguliwa na kupakwa sifa kuanzia omo hadi tezi. Mahali chuma kilipokutana na chuma aliongeza shahamu, ule mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa ambao hupakwa tumbo la chombo. Upepo wetu una chumvi, na Baba alikuwa na chuki na chumvi kama mtu aliyeibiwa nayo.

Watu wa bara walituambia trekta yetu yanuka samaki. Mama aliwajibu kwamba yao yangenuka nini, kwani walikuwa na majembe tu.

Ndani ya nyumba, katika chumba kilichotazama uwanjani, alilala ami yangu, kaka mkubwa wa Baba. Alikuwa ameanguka mnazini kabla sijazaliwa, na kuanzia kiunoni hadi miguuni alikuwa kama mzigo uliosahauliwa kitandani. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa pande la mtu, na ulimi wake haukuwa umeanguka popote. Alitafuna tambuu, alisali kwa kuashiria, na alimtania kila aliyepita mlangoni. Mimi nilikuwa mato yake ya nje. Alilokuwa halioni kutoka kitandani, nilikimbia kulitazama na kurudi na habari, na mara nyingi habari zangu zilikuwa mbovu, kwa sababu nilikuwa na akili za kwangu.

Chukua mfano wa ile taa ya trekta. Mbele ya usukani kulikuwa na taa ndogo nyekundu. Baba akifungua swichi, iliwaka. Injini ikinguruma, ilizimika. Mimi sikuipenda tabia hiyo. Mtoto ana hesabu yake: kinachowaka ki hai, kinachozimika kimekufa. Jiko, kandili, nyota. Kwa hiyo kila trekta ilipoanza kunguruma na jicho lake kufumba, nilihisi kwamba Baba ameketi juu ya mnyama aliyekufa anayeendelea kutembea, na sikukubali kupandishwa.

Msimu mmoja Baba aliamua kufanya kazi ya mwisho wa maneno. Aliifungua trekta yote, akaanika vyuma kwenye jamvi kama samaki wa kukausha, akasugua, akapaka. Hata kile kisanduku kidogo cheusi kilichokaa kando ya injini, ambacho mafundi hukiita katauti na ambacho kazi yake ni kuruhusu umeme wa dainamo uingie betrini, alikitoa, akakipaka mgongoni, akaipaka na ncha ya waya wake mmoja mfupi uliokuwa umefungwa kwenye chuma, akavirudisha. Trekta ilipowaka, nilikuwa wa kwanza kuona. Taa ilikuwa haijafumba! Iliwaka, na Baba alipokanyaga mafuta ikazidi kung'aa.

Nilikimbia kwa Ami. "Taa yawaka, Ami! Na injini yanguruma!"

"Yawaka? Injini yenda nayo yawaka?"

"Tena Baba akikanyaga, yazidi!"

"Lahaula wala kuwata," akasema Ami, na akafunga macho.

Nilidhani anashukuru. Tangu siku hiyo, kwa wiki nyingi, kila aliponiuliza "Iye, ile taa?" nilimjibu kwa furaha kwamba yawaka, na kila mara alisema lahaula, nami nikajiona mleta heri wa nyumba ile. Kama mnashangaa kwa nini hakunisahihisha, mimi pia nilishangaa nilipokua. Labda katika nyumba iliyokuwa na furaha chache hakutaka kunipokonya ya kwangu.

Maana Baba hakuwa na furaha. Betri haikuwa ikijaa. Alilima nusu siku, injini ikaanza kukohoa, ikafa katikati ya mfuo. Akaifungua betri, akaibeba hadi kwenye mkondo, ikavushwa Amu kwa mwenye duka aliyekuwa na mtambo wa umeme, ikarudi imejaa, ikalima nusu siku, ikafa. Mvua zilikuwa zimeshaanza kutonya na majirani walikuwa wakingoja kulimiwa. Baba akakaza mkanda wa dainamo. Akabadilisha kaboni zake. Akapeleka dainamo Amu. Fundi akaipima mezani, akasema nzima. Akapeleka kisanduku, kikapimwa mezani, kizima. Betri nzima. Kila mmoja peke yake mzima, wakikutana wagonjwa. Mama alisema hiyo si trekta, ni ukoo.

"Na jini wako amesemaje kwa daktari?" Mama alimuuliza Baba kisanduku kiliporudi, maana sasa alikiita jini.

"Hana ugonjwa."

"Basi akupenda wewe tu. Akija kwako augua."

Baba hakucheka. Alikichukua kisanduku, akakifuta vumbi la safari, na kabla ya kukifunga akachovya kitambaa kwenye kopo la sifa, akakipaka tena mgongoni, chuma kikavu kisiguse chuma kikavu. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa akikipaka kila mara, kwa upole, kama unavyompaka mtoto mafuta kabla ya kumvika. Hakuna aliyemwambia kwamba umeme unahitaji chuma kitupu ili urudi ulikotoka. Kwa chombo, mafuta ndiyo uhai. Na yeye kila alipotafuta kosa, alilifunga mahali pake upya na kulipaka lisioze.

Halafu zikaja habari za mashifta, waasi wenye bunduki waliovamia mashamba. Siwezi kuwaeleza siasa yao, kwa sababu wakati ule kwangu neno hilo halikuwa watu. Lilikuwa kitu kama mafua, kinachotokea upande wa kaskazini na kuja na upepo. Kwanza aliacha kuja muuza maziwa. Kisha tukaona moshi nyuma ya miti, wa rangi isiyo ya kuchoma magugu. Familia iliyokuwa jirani na sisi ilipita uwanjani asubuhi moja, baba, mama na watoto, kila mmoja na kitu kichwani, na mama yao alikuwa ameshika sufuria yenye wali ambao haujaiva. Mama akamwita aje aumalizie jikoni kwetu. Hakusimama. Alisema utaivia Amu.

Zilipita siku, na kila siku nyumba moja zaidi ilikuwa haina moshi wa jikoni. Mbuzi walizurura wakila pamba. Mama alifunga vitu katika kanga na kuviweka karibu na mlango, kisha akavifungua kutafuta mwiko, kisha akavifunga tena. Maofisa walituma neno kwamba watu wote wa mashambani wavuke waende Amu, na kwamba mashua za mwisho zingekuwa mkondoni maji yakijaa.

Shida yetu ilikuwa Ami. Ndia ya kwenda mkondoni ilikuwa tope tupu baada ya mvua, na magari yalikuwa yameshazama humo. Trekta tu, kwa magurudumu yake marefu, ndiyo iliyopita. Juu ya punda hakuweza kukaa. Baba akasema atatafuta wanaume wanne wambebe na kitanda chake.

"Na mimi nitakuwa juu?" Ami akauliza.

"Utakuwa juu, Kaka."

"Mabegani?"

"Mabegani."

"Sikiza. Kitanda kikibebwa mabegani na waume wanne, aliye juu yake hasemi. Mimi bado nasema. Siku nitakayonyamaza, nibebeni mnavyotaka."

"Kaka, huu si wakati wa mzaha."

"Ni nani aliyefanya mzaha? Nendeni. Niwekee mtungi wa mai na tambuu. Mashifta wakiingia nitawauliza habari za kwao."

Mama alitoka nje kulia. Baba alitoka nje kwenda kwenye trekta. Mimi nilibaki na Ami, na nikamwambia kwa kumliwaza kwamba asiogope, kwani taa ilikuwa bado yawaka.

Asubuhi ya siku ya mashua, haikuwa ikiwaka tena. Betri ilikuwa tupu kabisa, na hakukuwa na mtu wa kuivusha. Baba alizungusha hendeli hadi kikoi chake kikaloa jasho. Wanaume wanne nao hawakuwapo tena, hata kama Ami angekubali. Aliyebaki jirani alikuwa mzee mmoja na mke wake kipofu, na wao walipita wakishikana mikono.

Hapo ndipo lilipoingia Landrova la polisi, kwa barabara ya bara, ile isiyofika mkondoni. Dereva wake alikuwa koplo kutoka Ukambani, Koplo Mutiso, mtu mfupi mwenye kofia kubwa, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna aliyebaki. Akaingia uwanjani akipiga honi.

"Mzee, bado uko hapa? Maji haitangoja mtu. Toa watu yako!"

Baba akamwonyesha dirisha la Ami, akamwonyesha trekta. Koplo akavua kofia, akachungulia dirishani.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, Bwana Askari. Karibu ndani. Samahani siinuki."

Koplo akarudi akijikuna shingo. Nadhani lau Ami angelia au kuomba, koplo angeondoka. Watu wengi walikuwa wakilia siku zile. Ila kukaribishwa vile kulimshika. Akafungua boneti ya Landrova, akatoa betri yake mwenyewe, wakaifunga kwenye trekta. Hendeli ikazungushwa, trekta ikawaka. Nilipiga makofi: na taa pia iliwaka.

"Nikitoa betri yangu itakufa," Koplo akasema kwa sauti kubwa juu ya injini. "Hii taa inasema haichaji. Umeangalia mkanda?"

"Mkanda, kaboni, dainamo, katauti. Vyote vimepimwa Amu."

Koplo alianza na mkanda hata hivyo, akaubonyeza, akaona umekaza. Akagusa dainamo, akatoa cheche kwa bisibisi, akasema kweli ni nzima. Akapoteza muda mwingi kwenye nyaya za nyuma ya taa, akazifunga alizozifungua, akatukana kwa lugha ya kwao. Askari mwenzake alikuwa akimwita kutoka garini: maji yalikuwa yameshajaa, yangeanza kutoka wakati wowote. Koplo akafuta mikono kwenye suruali, akainusa.

"Mzee, nani alipaka hii kitu mafuta ya samaki?"

"Mimi."

"Wapi na wapi?"

"Kote," Baba akasema. "Sikuwata mahali."

Koplo akamtazama. Kisha akachukua kipande cha waya, akashika ncha moja kwenye skrubu ya kisanduku cheusi, pale ulipokaa ule waya mfupi, na ncha ya pili akaikwaruza kwenye kichwa cha boliti ya injini hadi chuma kikang'aa, akaibana hapo.

Kisanduku kikasema tik. Sauti ndogo, kama mjusi. Na taa ikazimika.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na taa. Nikapiga ukelele. "Imekufa! Ameiua! Baba, askari ameiua!" na nikakimbia ndani nikipiga kelele zile zile hadi kwenye kitanda cha Ami.

Alinitazama, akageuza uso wake kwenye ukuta, akaanza kusoma shahada polepole. Nakumbuka kisogo chake, nywele nyeupe zimelala upande mmoja kwa mto. Aliendelea kusoma mpaka Baba alipoingia.

Nimejaribu maisha yangu yote kuueleza uso wa Baba alipoingia mlango ule. Furaha ilikuwamo. Ila kulikuwa na kitu kingine chini yake, kwa sababu alikuwa fundi, na koplo alipobana waya Baba alielewa palepale yote: wiki zile zote, mashamba ambayo hayakulimwa, betri iliyovuka na kurudi, na mkono wake mwenyewe na kitambaa cha sifa. Alikuwa ameshika ncha ya kikoi chake na anajifuta vidole, kimoja kimoja, na vilikuwa havitakati.

"Kaka," akasema, "yachaji."

Ami akaigeuza shingo. "Huyu mtoto asema imekufa."

"Taa imezimika. Ndiyo yatakiwa izimike."

Ami akanigeukia. "Wewe," akaniambia, "ukikua usipewe kazi ya mpiga mbiu."

Nimetii.

Walimlaza Ami juu ya magodoro kwenye trela iliyofungwa nyuma ya trekta. Koplo alirudisha betri yake garini, ya Baba ikafungwa mahali pake, trekta ikaendelea kunguruma kwa nguvu zake, na yeye akaondoka kwa kasi bila kungoja shukrani, ingawa Mama alimfuata hadi njiani na mkungu wa ndizi. Nilipanda nikaketi kando ya Ami. Tulipita mashamba ambayo yalikuwa na watu juzi. Mlango wa nyumba moja ulikuwa wazi, na kuku amesimama kizingitini kama mwenye nyumba. Mama hakugeuka nyuma hata mara moja. Trela ilipoingia kwenye matope ilirushwa huku na huku, na kila iliporushwa Ami alifunga meno. Midomo yake ilikuwa imekuwa rangi ya jivu. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Mwambie baba yako," akasema, "yeye ni nahodha mbaya sana. Ila chombo chake ni kizuri."

Nikamwambia Baba kwa sauti. Mabega yake yakacheza. Sikujua kama anacheka.

Mashua ya mwisho ilikuwa imejaa watu, na wasukumaji wameshashika pondo zao, ile miti mirefu ya kusukumia. Maji yalikuwa yameanza kutoka. Baba aliigeuza trekta, akairudisha kinyumenyume ndani ya maji ya chumvi, yeye aliyekuwa akiikinga na unyevu wa upepo tu, hadi trela ikakutana na ubavu wa mashua. Wakamtelezesha Ami kwenye jamvi kutoka huku hadi kule. Hakubebwa na mtu mabegani. Baba akaipandisha trekta kwenye mchanga mkavu, akashuka, akasimama pale akiishika tairi.

"Izime basi tuondoke!" msukumaji mmoja akapiga kelele.

"Siizimi," Baba akasema. "Betri yake tupu. Nikiizima sasa haitawaka tena. Iwate ijae. Tukirudi, tukute ina nguvu."

"Utarudi lini, Bwana?"

"Mambo yakitulia. Siku mbili tatu."

Niseme kabisa msije mkangoja: hatukurudi. Shamba lile limeota miti ambayo sijui majina yake, na habari za trekta zilitufikia kwa namna nyingi. Mmoja alisema ilichomwa, mwingine alisema ilifunguliwa vipande vikauzwa, mwingine akaapa aliiona imesimama palepale miaka mingi baadaye na kaa wamehamia humo. Baba hakumwuliza yeyote kati yao swali. Alirudi kwenye ukalafati, hapa Amu, mpaka vidole vilipokataa.

Lakini siku hiyo alipanda mashuani kwa maji ya kiunoni na kwenda kukaa nyuma kabisa, uso ameuelekeza tulikotoka. Mashua haikuwa na mtambo. Ilisukumwa kwa pondo, kimya, kati ya mikandaa. Tulipopinda kona hatukuiona tena trekta, ila tuliisikia. Duduru ile, mngurumo wake, ilikuja juu ya maji, sawasawa, haikosi, haikohoi. Watu waliacha kuzungumza. Sidhani walikuwa wakisikiliza injini; kila mmoja alikuwa akisikiliza cha kwake alichokiacha.

Ami alikuwa kati yangu na Mama, kichwa juu ya fungu la kanga.

"Yanguruma?" akauliza.

"Yanguruma, Ami. Huisikii?"

"Naisikia," akasema. Akavuta pumzi kama anayetaka kuongeza utani, akauacha.

Baada ya muda Mama aliinama juu yake. Aliweka kiganja karibu na pua yake, akakiacha hapo. Kisha akapitisha vidole kwenye macho yake, kwa wepesi, kama anayemfukuza nzi, na akaivuta shuka hadi kidevuni. Hakuivuta hadi usoni. Akaniangalia, akaweka kidole mdomoni. Nikajua kwamba Ami amelala, na nikajivunia kuaminiwa, nikakaa bila kutikisika ili nisimwamshe. Nilipigana hata na chafya.

Duduru ilikuwa ikipungua. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na uso wake, ambao tangu mvua zianze ulikuwa umekunjwa kama karatasi ya kutupwa, ulikuwa umekunjuka wote. Sikuwahi kumwona hivyo kabla, wala baadaye.

Akageuka.

"Kaka, wasikia? Haijakosa hata mara moja. Wasikia?"

Watu wa mashuani wakamtazama Ami. Mama akaweka mkono wake juu ya shuka, kifuani, kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke.

"Amesikia," akasema Mama.

Na Baba akageuka tena kusikiliza.